Vichezeo vya nyumbani mkoani Iringa

Vichezeo vya nyumbani mkoani Iringa ni vitu vinavyotengenezwa kwa mikono na wazazi, walezi au watoto wakubwa ili watoto wadogo wavichezee, hasa wale wenye umri wa mwaka 1 hadi 3. Hutengenezwa kwa vitu vinavyopatikana shambani na nyumbani, kama vile magunzi ya mahindi, mabua, udongo, matambara, maboksi na chupa tupu. Pamoja na vichezeo hivyo kuna shughuli za kila siku ambazo mtoto hushirikishwa, kwa mfano kuchambua maharage, kufua na kufagia. Shughuli hizo nazo humfundisha mtoto kutumia mikono, macho na lugha.

Vichezeo vya aina hii vinajulikana karibu kote Afrika ya Mashariki. Vina umuhimu wa pekee mkoani Iringa kwa sababu mkoa huo una kiwango kikubwa cha udumavu wa watoto, na utafiti umeonyesha kwamba michezo ya nyumbani inaweza kusaidia akili ya mtoto aliyedumaa.

## Mazingira

Mkoa wa Iringa uko katika Nyanda za Juu za Kusini nchini Tanzania. Una wilaya tatu: Iringa, Kilolo na Mufindi. Katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na wakazi 1,192,728. Wenyeji wengi ni Wahehe, na zao kuu la chakula ni mahindi. Mianzi hupandwa katika maeneo mengi kwa ajili ya pombe ya ulanzi, na wilaya ya Mufindi ina misitu mikubwa ya misonobari ya kupandwa.

Mvua hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya mavuno, magunzi na mabua hupatikana kwa wingi. Wakati huohuo hufika baridi kali ya Juni hadi Agosti, na watoto wadogo hukaa muda mrefu ndani ya nyumba au jikoni karibu na moto.

Kazi za mikono zina mizizi mkoani humo. Vikapu vya Iringa, vinavyosukwa na wanawake kwa nyasi ziitwazo milulu, vinafahamika hadi nje ya nchi. Katika mji wa Iringa kuna Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, ambako watu wenye ulemavu hutengeneza bidhaa mbalimbali, zikiwemo karatasi zinazotokana na kinyesi cha tembo.

## Vichezeo vya kawaida

### Mwanasesere wa gunzi

Gunzi kavu huwa mwili wa mwanasesere. Kichwa hufanywa kwa kufunga tambara lililoviringishwa juu ya gunzi, na nguo hukatwa kutoka kipande cha khanga au kitenge. Mafundi cherehani huwa na vipande vingi vya vitambaa vilivyobaki. Nywele hufanywa kwa nyuzi au ndevu za mahindi. Mtoto wa miaka miwili humbeba mwanasesere mgongoni, humlisha na kumlaza, akiiga anayoyaona kwa watu wazima. Mchezo wa kuigiza namna hii humsaidia kujifunza maneno na kuelewa hisia za wengine.

### Mpira wa matambara

Matambara hukunjwa pamoja hadi yawe duara, kisha hufungwa kwa kamba ya katani au vipande vya nguo. Zamani mipira mingi ya watoto ilifanywa kwa mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Kwa mtoto mdogo tambara linafaa zaidi, kwa kuwa ni laini na halibingiriki mbali. Mtoto wa mwaka mmoja hukaa chini na kusukumiana mpira na mkubwa wake. Baadaye huupiga teke na kuukimbilia.

### Gari

Mabua ya mahindi ni mepesi na hukatika kwa urahisi. Watoto wakubwa huyaunganisha kwa vijiti na kupata gari au kitanda cha mwanasesere. Magurudumu hukatwa kutoka ndala zilizochakaa. Gari rahisi kuliko yote ni boksi lililotobolewa upande mmoja na kufungwa kamba fupi: mtoto anayeanza kutembea hulivuta, hulijaza vitu na kuvimwaga tena.

### Kayamba na manyanga

Kayamba ya asili hufanywa kwa mabua ya matete na mbegu ndani yake. Kwa mtoto mdogo, chupa ndogo ya plastiki yenye punje chache za mahindi au kokoto hutoa mlio kama wa manyanga. Kipande cha mwanzi kilichozibwa pande zote mbili hufaa pia. Kizibo kinapaswa kukazwa sana, kwa maana punje zikitoka mtoto anaweza kuzimeza au kuzitia puani. Vichezeo vyenye mlio humfaa hasa mtoto asiyeona.

### Vibao vya kupanga

Mabaki ya mbao za misonobari kutoka kwa maseremala hukatwa vipande vyenye ukubwa wa kiganja cha mtoto na kusuguliwa kwa msasa hadi vibanzi viishe. Visiwe vya mbao zilizopakwa dawa ya kuhifadhia. Pasipo mbao, maboksi madogo yaliyojazwa karatasi hufanya kazi hiyohiyo. Kupanga, kubomoa na kupanga tena hufundisha ukubwa, uzito na uvumilivu.

### Udongo na kinyunga

Udongo wa mfinyanzi uliochekechwa mawe na kulainishwa kwa maji hutumika kufinyanga vyungu vidogo, ng'ombe, watu na mafiga. Mjini, ambako udongo safi ni shida, baadhi ya walezi hutumia kinyunga cha vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi na takriban kikombe 1 cha maji. Kinyunga hicho hakiliwi: chumvi yake ni nyingi mno na inaweza kumdhuru mtoto. Udongo hauna gharama, nao haupunguzi unga wa chakula cha nyumbani.

### Kuchora

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu huweza kushika kipande cha mkaa baridi au chaki na kuchora mistari ovyo sakafuni, ubaoni au kwenye boksi lililofunguliwa. Mchanga uliosawazishwa uani ni ubao usioisha: mtoto huchora kwa kidole au kijiti, hufuta na kuanza upya. Rangi hupatikana kwa kuloweka manjano au udongo mwekundu katika maji. Maganda ya viazi na vipande vya mabua hutumika kama mihuri ya kupigia chapa.

## Shughuli za kila siku

Si lazima muda wa kucheza utengwe na kazi za nyumbani. Mama anayepukuchua mahindi huweza kumpa mtoto magunzi na bakuli ili atie na kutoa. Anayefua humpa kitambaa chake na maji kidogo kwenye beseni. Baba anayerudi kutoka shambani huweza kumwonyesha majani mapana na membamba na kumwacha ayatenganishe. Vikombe vya plastiki vya ukubwa tofauti humfundisha mtoto kipi kinaingia ndani ya kipi.

Linalofaa zaidi ni maongezi. Mkubwa hutaja jina la kitu, husubiri mtoto ajibu kwa sauti, ishara au neno, kisha humjibu. Lugha inaweza kuwa Kihehe, Kiswahili au nyingine yoyote ambayo mlezi anaimudu vizuri. Wataalamu huita mwenendo huo malezi yenye mwitikio. Kichezeo kizuri bila mtu wa kuongea na mtoto hutoa nusu tu ya faida yake.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 unaoshauri kwamba mtoto wa miaka 1 hadi 2 awe na angalau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kwa siku. Mtoto wa mwaka 1 hashauriwi kukaa mbele ya televisheni au simu, na wa miaka 2 asizidi saa 1 kwa siku.

## Umri na uwezo

Watoto hawakui kwa kasi moja, lakini kwa kawaida mambo hufuatana hivi:

* Miezi 12 hadi 18: hutia vitu chomboni na kuvitoa, huvuta kamba, hupanga vibao 2 au 3, huanza kuchora mistari ovyo.
* Miezi 18 hadi 24: huiga kazi za watu wazima, hulisha mwanasesere, hufunua kurasa, hupanga vibao 4 hadi 6.
* Miaka 2 hadi 3: hutenganisha vitu kwa rangi na ukubwa, huviringisha udongo, huunganisha maneno wakati wa mchezo, na anapokaribia miaka 3 huweza kuiga kuchora duara.

Mtoto anayechelewa sana katika mambo hayo, au anayepoteza uwezo aliokuwa nao, anafaa kupelekwa kliniki ya mtoto ili achunguzwe.

## Udumavu na uchangamshi wa awali

Udumavu ni hali ya mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake kutokana na lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Katika utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na malaria wa mwaka 2022, asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa walikutwa wamedumaa. Hicho kilikuwa kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Iringa ilifuatiwa na Njombe na Rukwa, mikoa ambayo pia huvuna mahindi mengi. Kwa hiyo kuwa na chakula ghalani hakutoshi. Mtoto anahitaji chakula mchanganyiko, usafi, matibabu na mtu wa kumhudumia hata katika msimu wa kilimo, wakati ambapo wazazi hushinda shambani.

Udumavu hauathiri urefu peke yake. Watoto waliodumaa mara nyingi huchelewa katika lugha na masomo. Jaribio mashuhuri kuhusu jambo hilo lilifanyika Kingston, Jamaika, kuanzia miaka ya 1986 na 1987, chini ya mtafiti Sally Grantham-McGregor. Watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, waligawanywa katika makundi manne: waliopewa maziwa ya lishe, waliopewa uchangamshi, waliopewa vyote viwili, na wasiopewa lolote kati ya hayo. Katika uchangamshi, mhudumu wa afya wa jamii alitembelea nyumba kila wiki kwa takriban saa moja, kwa muda wa miaka miwili. Alimwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto kwa kutumia vichezeo vilivyotengenezwa kwa vitu vya kawaida vya nyumbani.

Baada ya miaka miwili, maziwa na michezo kila kimoja kilikuwa kimeinua maendeleo ya watoto, na waliopata vyote viwili ndio walioendelea zaidi. Faida ya maziwa haikuonekana tena walipokua, lakini ile ya michezo ilidumu. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba watoto waliopata uchangamshi, walipofikia umri wa miaka 22 hivi, walikuwa na kipato kilichozidi kile cha wenzao kwa takriban asilimia 25.

Matokeo hayo hayamaanishi kwamba mchezo unachukua nafasi ya chakula. Kichezeo hakimrudishii mtoto urefu uliopotea. Yanaonyesha kwamba mtoto ambaye tayari amedumaa bado anaweza kusaidiwa, na kwamba msaada huo hauhitaji vitu vya dukani.

## Usalama

* Kukabwa: mtoto wa chini ya miaka 3 hutia kila kitu mdomoni. Vizibo vya soda, shanga, vifungo, maharage na karanga vinaweza kuziba koo. Kitu kinachoweza kupita ndani ya duara lenye upana wa sentimita 4 hivi si cha kumwachia peke yake.
* Sumu: makopo na chupa za dawa za kilimo zisifanywe vichezeo hata zikioshwa. Vivyo hivyo betri kuukuu za tochi na redio, na mbao zenye rangi inayobanduka.
* Makali: bati na makopo yaliyokatwa hufaa watoto wakubwa, si wadogo.
* Kamba: iwe fupi, isiweze kuzunguka shingo ya mtoto.
* Moto na maji: wakati wa baridi mtoto achezee mbali na mafiga na jiko la mkaa. Beseni la maji lisiachwe bila mtu, kwani mtoto anaweza kuzama katika maji machache.
* Usafi: udongo usichukuliwe karibu na choo au mahali mifugo inapolala, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya mchezo.

## Haki na sera

Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza katika kifungu cha 31. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaweka kucheza na kupumzika miongoni mwa mambo ambayo mtoto ana haki kuyapata, pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu.

Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (PJT-MMMAM) ya miaka 2021/22 hadi 2025/26, inayohusu watoto wa miaka 0 hadi 8. Inafuata nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Vichezeo vya nyumbani vinahusika moja kwa moja na nguzo ya tatu na ya nne. Wazo lenyewe si geni kwa Waswahili, ambao husema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

## Tazama pia

* Mkoa wa Iringa
* Wahehe
* Udumavu
* Mwanasesere
* Haki za watoto