Uchachu wa Udongo Katika Viriba vya Miche ya Kahawa



Hakuna msimu upitao bila Chama Kikuu kupokea barua za namna moja kutoka vyama vya msingi: miche ya kitalu imegeuka manjano, imedumaa, tafadhali tuleteeni mbolea. Barua hizo huandikwa kwa nia njema, na aghalabu mbolea hupelekwa. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini katika vitalu vingi vya mkoa wetu wa Kagera mbolea hiyo siyo dawa ya ugonjwa huo, na kwamba mara nyingine ndiyo inayouzidisha.

Jambo hili lina uzito kuliko zamani. Tangu mnyauko fuzari ulipothibitishwa mkoani mwetu mnamo mwaka 1997, mibuni mingi imekauka, na wanachama wanategemea miche ya vikonyo vya aina zinazostahimili ugonjwa huo. Kikonyo si mbegu ya kuokotwa chini ya mbuni. Kimegharimu fedha na kazi ya miezi kadhaa, na mwanachama aliyekwisha kulipia miche yake amekwisha kuchimba mashimo anasubiri mvua. Miche ikifa ndani ya kiriba, hasara ni ya chama kizima.

Msimu mmoja wa vuli niliitwa kukagua kitalu cha chama kimoja cha msingi. Jina lake silitaji, kwa kuwa kosa lililotendeka pale lingeweza kutendwa na yeyote kati yetu. Udongo wa kujaza viriba ulikuwa umechimbwa katika rweya iliyo nyuma ya ghala. Ulikuwa karibu, haukuwa na mwenyewe wa kulalamika, na kwa macho ulionekana mzuri. Hakuna mwanachama aliyekubali kibanja chake kichimbwe, na nani angemlaumu? Miche ilipoanza kupauka, mtunza kitalu aliitilia mbolea ya SA. Ikazidi kupauka, akaitilia tena. Nilipofika, Katibu aliniuliza:

“Bwana Shamba, mbolea tumekwisha itia mara tatu. Sasa tuongeze ipi?”

Nikamwomba kisu. Tulipasua kiriba kimoja, tukauosha mzizi katika ndoo. Haukuwa na ile mizizi myembamba kama nywele ambayo ndiyo inayonyonya chakula. Palikuwa na vishina vifupi, vinene, vyenye rangi ya kahawia, mfano wa vidole vilivyovimba. Tulipoupima udongo ule tulipata pH 4.3. Zaidi ya nusu ya miche ilitupwa, na chama kikalazimika kuwarudishia baadhi ya wanachama fedha zao.

Yafaa sasa tueleze maana ya namba hiyo. Uchachu wa udongo hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Namba 7 ni ya katikati. Chini yake udongo ni mchachu, juu yake unaelekea upande wa magadi. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi. Udongo wa pH 5 una uchachu mara kumi ya ule wa pH 6, na wa pH 4 mara mia moja. Kwa hiyo, tofauti baina ya 5.3 na 4.3, inayoonekana ndogo kwenye karatasi, ni kubwa mno kwa mzizi. Mbuni hupendelea uchachu kiasi, na hustawi baina ya 5 na 6 hivi, hata kupita kidogo. Udongo ukishuka chini ya 5, alumini iliyofungwa ndani yake huanza kuyeyuka. Ukishuka chini ya 4.5 huyeyuka kwa wingi, nayo ndiyo inayodumaza ncha za mizizi. Fosforasi nayo hufungwa isipatikane, huku kalsiamu na magneziamu zikiwa haba. Mche ulio katika hali hiyo huona njaa mbele ya chakula, kwa kuwa hauna mdomo wa kulia.

Kwa nini rweya imechacha na kibanja hakikuchacha vile? Mvua ya ukanda wa ziwa karibu na Bukoba hufikia milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na kwa karne nyingi imekuwa ikiosha kalsiamu na magneziamu na kuzipeleka chini, mbali na mizizi. Kibanja kimerudishiwa: samadi, majivu ya jikoni, maganda na majani ya migomba, na nyasi za kutandaza. Nyasi hizo zilikatwa wapi? Katika rweya. Wazee wetu walikuwa wakihamisha rutuba kutoka upande mmoja hadi mwingine, na matokeo yake tunayaona leo tunapojaza viriba.

Na SA? Mbolea hii hutoa naitrojeni kwa namna ya amonia. Vijidudu vya udongo huibadili amonia hiyo kuwa naitreti, na katika kazi hiyo huzalisha tindikali. Kilo 100 za SA huhitaji takriban kilo 110 za chokaa safi ya kilimo ili kuufuta uchachu wake. Shambani tindikali hiyo hutawanyika katika udongo mwingi. Ndani ya kiriba cha lita moja na nusu haina pa kwenda. Urea pia huchachusha, lakini kwa kila kilo ya naitrojeni uchachu wake ni kama theluthi moja ya ule wa SA. CAN huchachusha kidogo sana, kwa sababu imetengenezwa pamoja na chokaa. Chama kinachohitaji kukuzia miche katika udongo wa namna yetu kiagize CAN, hata kama bei yake inaonekana kubwa.

Basi kazi ya kwanza ni kupima, na kupimwa kufanyike kabla ya kiriba cha kwanza kujazwa. Chukueni udongo kutoka sehemu kumi au zaidi za lundo, mchanganye, muuanike kivulini, muuchekeche. Pimeni kijiko kimoja cha udongo kwa vijiko viwili na nusu vya maji, mkoroge, muache nusu saa, kisha mtumbukize karatasi ya kupimia au kifaa cha pH. Maji yawe yaliyotoneshwa, au ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi. Hapa nitoe tahadhari: maji yaliyotoneshwa huuzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya kuongezea betri, lakini dukani hapo hapo huuzwa pia tindikali ya betri. Mtoto akitumwa “maji ya betri” anaweza kurudi na chupa isiyo yenyewe. Aende mtu mzima asome maandishi.

Kipimo kikiwa chini ya 5, dawa ni chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa yakawa unga laini. Iliyo na magneziamu, iitwayo dolomaiti, ni bora zaidi kwetu kwa kuwa madini hayo tumepungukiwa. Makatibu wanaonunua wajihadhari, maana unga mweupe ni mwingi na wauzaji wengine hawajui wanachouza. Jasi si chokaa. Ina kalsiamu lakini haiondoi uchachu. Chokaa ya kupaka nyumba huondoa uchachu kwa nguvu na haraka, lakini ni kali, huunguza mizizi na macho, na kipimo chake kikizidi kidogo tu kitalu kimeharibika. Njia ya kuzitambua ni rahisi: kamulieni ndimu juu ya kijiko cha unga huo. Chokaa ya kilimo hutoa povu, dolomaiti hutoa povu polepole. Jasi hutulia kimya. Chokaa ya kupaka nyumba iliyo mpya nayo haitoi povu la maana. Chokaa iliyochomwa na kuuzwa ikiwa bado mabonge hutokota na kutoa joto kali ikitiwa maji, wala isiguswe kwa mikono mitupu.

Kuhusu kiasi, hesabu ni hii. Shambani ni kawaida kutia tani 2 za chokaa kwa hekta. Hekta moja kwa kina cha sentimita 20 ina lita milioni 2 za udongo, na tani 2 ni gramu milioni 2. Kwa hiyo ni gramu 1 kwa kila lita, yaani gramu 20 kwa debe la lita 20. Anzeni na kiasi hicho. Udongo ulio chini ya 4.5 unaweza kuhitaji gramu 40 kwa debe. Sasa tazameni gharama: viriba 10,000 vya lita moja na nusu hubeba lita 15,000, na kwa kipimo cha gramu 1 kwa lita vinahitaji kilo 15 tu za chokaa. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha viriba 30,000 na kupita. Nimeona vyama vilivyobishana vikao viwili juu ya ununuzi wa mfuko huo mmoja.

Gramu 20 ni chache, na zikitupwa juu ya lundo hazifiki kote. Changanyeni kwanza chokaa na mchanga mkavu, kisha mchanga huo na udongo, na mwisho samadi. Geuzeni kwa koleo mara tatu au nne. Lowesheni kidogo, funikeni, muache wiki tatu hadi nne, halafu mpime tena kabla ya kujaza. Chokaa haifanyi kazi katika udongo mkavu, na haraka ndiyo inayowafanya watu waseme kwamba haifai.

Samadi iliyooza vizuri ni msaada mkubwa: huinua pH kiasi na huishika alumini isiudhuru mzizi. Majivu ya kuni au ya majani ya migomba yanafaa pasipo na chokaa, ila nguvu yake hubadilika sana na kwa kawaida haifiki nusu ya chokaa, tena yana chumvi za potasiamu zinazoweza kuunguza mche mchanga. Msizidishe gramu 40 kwa debe bila kujaribu.

Itakuwaje ikiwa viriba vimekwisha jazwa na miche imo? Hapo hatuna tena njia nzuri, tuna ya kupunguza madhara. Acheni SA mara moja. Korogeni gramu 100 za chokaa laini ya kilimo katika lita 10 za maji, na mtie kikombe cha mililita 200 katika kila kiriba, mkikoroga bila kuacha kwa kuwa unga hutuama. Lita 10 zinatosha viriba 50, na kila kimoja hupata gramu 2. Jaribuni kwa miche 50 kwanza, mngoje mwezi mmoja. Majani mapya yakitoka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, chokaa imezidi na chuma hakipatikani; msirudie.

Ikumbukwe pia kwamba si kila umanjano ni uchachu. Kiriba kisicho na matundu ya kutosha hutuamisha maji na mzizi huoza. Huo hunuka, nao mzizi wa uchachu haunuki. Ndiyo maana nasisitiza kiriba kimoja kipasuliwe kabla ya barua kuandikwa.

Katika daftari la kitalu, Katibu aweke safu nne kwa kila lundo: mahali ulipochimbwa udongo, pH ya kwanza, chokaa iliyotiwa, na pH ya siku ya kujaza. Wanaotuma sampuli kwa ajili ya kupimwa watume nusu kilo ya udongo mkavu katika mfuko safi, usiowahi kutiwa mbolea wala saruji, na karatasi yenye jina la chama na namba ya lundo iwekwe ndani ya mfuko wa pili, isilowe.