Ada, jina na uaminifu: mtaji wa taasisi za wahandisi

BEI za saruji, nondo na mabati hufuatwa na wafanyabiashara wengi kila wiki. Ipo huduma nyingine inayoamua kama saruji na nondo hizo zitageuka kuwa mali au hasara, nayo ni kazi ya mhandisi. Kwa kuwa mwenye fedha hana njia ya kuipima huduma hiyo kabla ya kuinunua, hulazimika kutegemea vyombo vinavyomtambua mhandisi. Ndiyo maana mwenendo wa taasisi za wanataaluma hao unamhusu pia mwekezaji mdogo.

Mara nyingi watu huchanganya vyombo viwili. Kwa Tanzania, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ni chombo cha dola kinachofanya kazi chini ya Sheria Namba 15 ya mwaka 1997. Bodi husajili, hukagua na huweza kumfutia mtu usajili. Taasisi ya Wahandisi Tanzania, kwa upande wake, ni chama cha hiari. Mhandisi hujiunga kwa kupenda, hulipa ada na hutarajia kupata mafunzo, mikutano na sauti ya pamoja. Kenya nako mgawanyo ni huo huo: ipo bodi ya kisheria, na ipo taasisi ya wanachama.

Kibiashara, hapo ndipo ugumu wa chama cha hiari unapoanzia. Mhandisi akiisha kulipa bodi kwa sababu sheria inamtaka, huuliza ada ya pili ni ya nini. Taasisi isiyokuwa na jibu hubaki na orodha ndefu ya majina na sanduku tupu la fedha.

Tuchukue mfano wa hesabu. Chama kina wanachama 1,000, na kila mmoja anatakiwa kulipa shilingi 50,000 kwa mwaka. Kwenye vitabu mapato ni shilingi milioni 50. Wakilipa 600 tu, kinachoingia ni milioni 30. Ikiwa pango, mishahara na uchapishaji vinakula milioni 36, kuna pengo la milioni sita. Uongozi ukiamua kuliziba kwa wanachama wapya, na wapya nao wakilipa kwa kiwango kile kile cha sita kwa kumi, itabidi waandikishwe watu 200 na kuhudumiwa wote. Lakini wanachama 120 wa zamani wakishawishiwa kulipa, pengo limezibwa bila mtu mpya hata mmoja. Kwa hiyo, kumtunza mwanachama wa zamani ni nafuu kuliko kumtafuta mpya.

Historia ya Uingereza inatoa funzo. Taasisi ya wahandisi wa ujenzi ya London, Institution of Civil Engineers, ilianzishwa na vijana wachache waliokutana katika mkahawa wa kahawa mwaka 1818. Walikuwa na ari, lakini jina hawakuwa nalo, na chama kilidorora. Mwaka 1820 walimwomba Thomas Telford, mjenzi mashuhuri wa barabara, mifereji na madaraja, awe rais wao wa kwanza. Wahandisi wengine walimfuata, na mwaka 1828 taasisi ikapewa hati ya kifalme. Leo ina wanachama zaidi ya 90,000 katika nchi nyingi.

Aidha, taasisi hiyo haikutegemea ada peke yake. Inayo kampuni iliyopewa jina la Telford. Jengo lake la Great George Street hukodishwa kwa mikutano na hafla. Mwaka 1993 ilitoa mfumo wa mikataba ya ujenzi uitwao NEC, ambao baadaye ulitumika katika miradi ya michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012. Anayenunua nakala za mikataba hiyo huichangia taasisi hata kama si mhandisi.

Njia nyingine ya kukua ni kuungana. Mwaka 2006 taasisi ya wahandisi wa umeme ya Uingereza, iliyotokana na chama cha mwaka 1871, iliungana na taasisi nyingine na kuunda chombo kimoja kikubwa zaidi. Vyama vidogo vinavyolipia ofisi na makatibu tofauti vinaweza kupunguza gharama kwa njia hiyo.

Hata hivyo, kuna njia ya mkato yenye hatari, nayo ni kulegeza masharti ya kuingia. Ada huongezeka mwaka wa kwanza na wa pili. Kisha wateja hugundua kwamba cheti hakitenganishi tena fundi hodari na mbabaishaji, na wahandisi wazuri huacha kulipia kitu kisichowapa heshima. Chama hubaki na wale waliokuwa wakihitaji kujificha nyuma ya jina lake.

Hasara ya jambo hilo haiishii kwenye vitabu vya chama. Tarehe 29 Machi, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Baada ya ajali ya namna hiyo, kila mwenye kiwanja huuliza nani alichora, nani alisimamia na nani alimtambua.

Kwa mfanyabiashara anayetaka kujenga ghala, duka au nyumba ya kupangisha, hatua ni tatu. Kwanza, aombe namba ya usajili ya mhandisi na kuithibitisha kwa bodi, kwani uanachama wa taasisi hauchukui nafasi ya usajili. Pili, aulize kama mhandisi huyo ni mwanachama hai wa taasisi yake na amehudhuria mafunzo gani. Tatu, mkataba uandikwe, na ndani yake atajwe kwa jina atakayesimamia kazi. Gharama ya kuuliza ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya nguzo moja iliyomwagwa vibaya.