Figo Hazina Haraka: Malengo Madogo Katika Nyakati Zisizotabirika

Kati ya njia zote za kupanda Kilimanjaro, ya Marangu ndiyo ambayo wageni hulala kwenye vibanda badala ya mahema. Kibanda cha Mandara kipo mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, Horombo mita 3,720, Kibo mita 4,720. Kwenye karatasi ratiba inapendeza: takriban mita elfu moja kila siku, kisha usiku mmoja wa kukaza mwendo hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mwili haukuulizwa. Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba mtu akishavuka mita 3,000, asipandishe mahali pake pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Ndiyo maana waongoza watalii wenye uzoefu humsihi mgeni aongeze siku moja pale Horombo, mchana apande hadi kwenye Miamba ya Pundamilia, jioni arudi kulala palepale. Kwa mwenye haraka, siku hiyo huonekana imepotea bure.

Haijapotea. Kileleni hewa ina oksijeni asilimia 21 kama ilivyo Tanga au Dar es Salaam, lakini mgandamizo wake umepungua, na kila pumzi huleta takriban nusu tu ya oksijeni ya pwani. Vihisi vidogo vilivyo shingoni, kwenye mishipa inayopeleka damu kichwani, hugundua upungufu huo mara moja na kuamuru mtu apumue kwa kasi. Lakini kupumua kwa kasi hutoa kaboni dayoksaidi nyingi, damu hupungukiwa asidi, na ubongo huanza kuizuia ile pumzi iliyokuwa ikimsaidia. Hapo figo huingia kazini. Kwa siku kadhaa hutoa baikaboneti kupitia mkojo, mpaka damu ikaribie hali yake na mapafu yapate ruhusa ya kupumua kadiri yanavyohitaji. Wengi hudhani mpandaji huokolewa na chembe nyekundu mpya za damu. Hizo nazo huja, ila huchukua wiki. Siku za mwanzo ni za mapafu na figo, na figo hazijui kwamba tiketi yako ya ndege ni ya Jumamosi.

Somo hilo, kwamba mwili una mwendo wake, linawahusu pia watu wanaoishi Marangu, chini ya mlima, ambao hawajawahi kufika hata Mandara. Mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko-19 ulipoenea duniani, wageni walitoweka mlimani. Mwezi Aprili ndege za kimataifa zilisimamishwa, zikaruhusiwa tena Mei 18, lakini ruhusa haikumaanisha kwamba abiria wapo. Mwongoza watalii, mpagazi, mpishi na mama anayewauzia ndizi wote walibaki na swali moja: msimu utakuwepo au hautakuwepo? Wazee wao waliwahi kuuliza swali la aina hiyo kuhusu kahawa, pale mfumo wa kimataifa wa mgawo ulipovunjika mwaka 1989 na bei ikaporomoka. Na mwenye shamba la mahindi kule tambarare huuliza kuhusu masika karibu kila mwaka.

Swali lisilo na jibu huuchosha mwili, na hilo limepimwa. Mwaka 2016 watafiti wa University College London, UCL, walichapisha jaribio la watu 45 waliocheza mchezo wa kompyuta wa kugeuza mawe. Chini ya baadhi ya mawe kulikuwa na nyoka, na kila nyoka alipotokea mchezaji alipigwa shoti ndogo ya umeme mkononi. Jasho na mboni za macho zilionyesha kwamba wachezaji hawakuhangaika zaidi walipokuwa na hakika ya kupigwa shoti. Walihangaika zaidi pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Mwili huweza kujipanga kwa shari inayojulikana. Isiyojulikana huuweka macho muda wote: adrenalini na kotisoli hupanda, moyo huenda mbio, usingizi hukatika. Hali hiyo ikidumu miezi, shinikizo la damu, sukari na kinga ya mwili vyote huanza kulipa gharama.

Kuna utafiti mwingine ambao ningependa ujulikane zaidi vijijini. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, wanasaikolojia wa Marekani, walionyesha kwamba wengi wa mbwa waliopigwa shoti wasizoweza kuzizuia waliacha kujitetea hata pale walipofunguliwa njia ya kutoroka. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba wanyama wale walikuwa wamejifunza kukata tamaa. Mwaka 2016 wawili hao walirudi na kusema kinyume chake. Kunyong'onyea ndiyo hali ya asili ya ubongo uliopigwa kwa muda mrefu; kinachojifunzwa ni kwamba mtu ana uwezo. Sehemu ya mbele ya ubongo ikigundua kwamba kuna jambo, hata dogo, linalobadilika kwa mkono wako, huituliza ile sehemu ya chini inayozalisha woga na unyonge. Kwa hiyo mtu aliyekaa kibarazani wiki nzima bila kufanya kitu baada ya kupoteza kazi hastahili kuitwa mvivu. Ubongo wake haujapata ushahidi kwamba mkono wake bado unafanya kazi.

Lengo dogo ni ushahidi huo. Kwa aliyepoteza msimu wa utalii, kupata wageni kumi si lengo, kwa kuwa wageni hawako mikononi mwake. Kupogoa mibuni ya mstari mmoja kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, leo asubuhi kunawezekana. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba lengo hutekelezwa zaidi linapofungwa kwenye wakati na tendo ambalo tayari lipo: nikishamkatia ng'ombe majani, nitatembea mpaka mfereji na kurudi. Mwaka 2006 yeye na mwenzake Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya majaribio 94, na mpango wa namna hiyo ulisaidia kwa kiwango kinachoonekana wazi.

Nao muda wa kuzoea tuuache uwe wa kweli. Phillippa Lally na wenzake wa UCL waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia mpya, kama kunywa maji wakati wa chakula cha mchana au kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Kwa wastani tabia ilizoeleka baada ya siku 66, lakini makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Ninatamani tungekumbuka hilo kila Desemba, mabasi kutoka Dar es Salaam yanapojaa watu wanaorudi nyumbani Uchagani kwa Krismasi. Maswali huwa ni yale yale, nani kajenga, nani kanunua gari, na aliyeyumba mwaka mzima huinamisha kichwa hata kwenye sherehe ya ndugu zake. Halafu hurudi mjini na orodha ya malengo makubwa, Januari ya ada za shule ikiwa inamsubiri. Tungemtendea mema tukimwuliza analalaje.

Lengo dogo pia huruhusu kugeuka. Mpandaji akianza kupepesuka, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, maji yanaweza kuwa yameanza kujaa mapafuni au ubongo kuvimba, na tiba ya kwanza ni kushuka, hata kama kilele kinaonekana. Carsten Wrosch wa Chuo Kikuu cha Concordia, Canada, amechunguza jambo hilo katika maisha ya kawaida: wanaoweza kuliachia lengo lisilofikika huwa na mpangilio mzuri zaidi wa kotisoli na malalamiko machache ya afya, na kushika lengo jingine lenye maana huwaongezea uradhi wa maisha. Tunasifu mno kung'ang'ania hadi mwisho.

Malengo madogo hayatoshi kwa kila mtu, wala pombe haijazi pengo linalobaki. Mbege au bia huleta usingizi haraka, kisha huukata usiku wa manane, na wasiwasi hurudi asubuhi ukiwa na nguvu zaidi. Kinachosaidia ni kuongea na mtu aliyefundishwa, na si lazima awe daktari. Jijini Nairobi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wanawake 421 waliokuwa na msongo, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili, waligawanywa makundi mawili. Waliokutana mara tano na wahudumu wa afya wa jamii na kufundishwa kutuliza pumzi, kuligawa tatizo vipande vipande na kurudia shughuli zao hatua kwa hatua, walipata nafuu kubwa zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Huzuni, kukosa usingizi au kukosa hamu ya chochote vikizidi wiki mbili, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, eleza hivyo hivyo bila kusingizia malaria au maumivu ya mgongo, na uombe rufaa ikihitajika. Moshi zipo hospitali za KCMC na Mawenzi. Anayetaja kujiua asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo.