Je, Wajua? Baba Mkubwa ana Nobel, Mjomba Naye Anayo

Je, wajua kwamba Paul Samuelson na Kenneth Arrow, wanauchumi wawili wa Marekani walioshinda Tuzo ya Nobel ya Uchumi, walikuwa pia watu wa familia moja? Robert, mdogo wake Samuelson, alibadili jina la ukoo akajiita Summers, kisha akamwoa Anita, dada yake Arrow. Wakamzaa Lawrence Summers, aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha wa Marekani na baadaye rais wa Chuo Kikuu cha Harvard. Lawrence alikuwa bado kijana baba yake mkubwa alipotwaa tuzo mwaka 1970. Mjomba akafuata 1972. Mtoto wa nyumba hiyo angefeli uchumi, angejitetea vipi?

Kikazi hawakufanana sana. Samuelson, Mmarekani wa kwanza kupata tuzo hiyo, aliiacha Harvard mwaka 1940 akahamia MIT, akatulia huko huko. Kitabu chake cha kiada cha 1948 kimefundisha vizazi vya wanafunzi. Arrow alihamahama: Stanford, Harvard, kisha Stanford tena. Mwaka 1951 alithibitisha kihesabu jambo linalowakera wapenda demokrasia hadi leo: wapiga kura wanapopanga wagombea watatu au zaidi kwa kufuata upendeleo, hakuna utaratibu unaoweza kutimiza kwa pamoja masharti machache tu ya msingi ya haki.

Arrow aliposhinda Nobel alikuwa na miaka 51, mdogo kuliko washindi wote wa uchumi. Rekodi hiyo ilidumu hadi 2019, ilipovunjwa na Esther Duflo, mzaliwa wa Ufaransa, akiwa na miaka 46.