Marubani Wawili, Nahodha Mmoja

Ndani ya Cessna 172 mna sukani mbili, na zote zimeunganishwa. Rubani wa kushoto akivuta wake, na ule wa kulia unamjia kifuani aliyekaa pale. Ndiyo maana abiria wa kiti hicho akiwa naye ni rubani, safari huwa neema au balaa, kutegemea walichokubaliana kabla ya kuwasha injini.

Watu wa pwani walishasema: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hatari ya kwanza inaonekana wazi: ndege inatua, upepo unaipiga ubavuni, na mikono minne inagombea kuinyoosha. Ya pili hujificha. Kila mmoja anaamini mwenzake ndiye anayetazama nje, kumbe wote wameinamia skrini ya ramani.

Na kutazama nje ni uhai. Machi 5, 2024, Cessna 172 ya mafunzo na ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa imetoka Uwanja wa Wilson ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi. Wawili waliokuwa ndani ya Cessna walifariki. Katika anga yenye shughuli kama ile, jozi ya pili ya macho yaliyofunzwa ni mali.

Basi kazi zigawanywe mkiwa bado chini. Tuseme kijana mwenye leseni changa anakwenda Malindi, na kulia kwake ameketi rubani mstaafu.

"Mzee, leo ndege iko mikononi mwangu hadi tutue. Naomba unisomee orodha ya ukaguzi na uniangalizie upande wa kulia. Ukiona lolote, usinyamaze."

"Sawa, kapteni."

Sisi tuliolelewa kutomwagiza mkubwa, maneno hayo hutukwama kooni. Lakini mzee akishamwita kijana "kapteni", jambo limekwisha. Ikibidi kupokezana usukani, anayeuachia aseme, "Ndege ni yako". Anayeupokea ajibu, "Ndege ni yangu". Wa kwanza athibitishe. Kabla ya hapo, mkono usibanduke.

Julai 19, 1989, huko Marekani, DC-10 yenye watu 296 ilipoteza mifumo yote ya haidroliki, na sukani zikawa hazina kazi. Dennis Fitch, mkufunzi wa marubani wa ndege hizo aliyekuwa abiria, alijitolea kusaidia. Hakudai kiti cha mtu. Kapteni Al Haynes alimkabidhi vishikio vya kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki, naye akavishughulikia hadi mwisho. Ndege ilianguka ikitua Sioux City, lakini watu 184 walipona.

Ewe rubani uliyealikwa kiti cha kulia, ujuzi wako unahitajika. Subiri upewe kazi, kisha uifanye kwa ukamilifu.