Gari Kuzima Njiani Wakati Tangi Lina Mafuta

Na Mratibu wa Miradi



Baadhi ya zahanati na sharika zetu bado zinatumia magari ya zamani ya petroli yenye kabureta, hasa Land Rover Series III, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Ni magari imara, lakini yanapoanza kusumbua upande wa mafuta, fedha nyingi hupotea kwa kubahatisha. Mimi mwenyewe nimeshiriki kosa hilo.

Gari la zahanati yetu moja lilikuwa likimpeleka mama mjamzito hospitali usiku. Katikati ya mlima likapungua nguvu, likakohoa, likazima. Baada ya dakika kumi likawaka, likaenda kilometa chache, likazima tena. Safari ya saa moja ilichukua saa tatu. Tunashukuru mama na mtoto walifika salama. Kesho yake fundi alisema kabureta imekufa, nami nikaidhinisha kununua nyingine kwa fedha tulizokuwa tumetenga kwa ajili ya dawa. Wiki iliyofuata gari lilizima vilevile.

Aliyegundua tatizo ni dereva. Alipofungua mfuniko wa tangi alisikia hewa ikiingia kwa kishindo. Mfuniko wa awali ulikuwa umepotea, tukaweka mwingine usio na tundu la hewa. Mafuta yakitoka bila hewa kuingia, tangi hubana na pampu hushindwa kuvuta. Gari likisimama, hewa hupenya kidogo kidogo, ndiyo maana lilikuwa linawaka tena.

Mafuta yanapita wapi?

Petroli hutoka kwenye tangi, hupita kwenye bomba na chujio, huvutwa na pampu iliyo ubavuni mwa injini, kisha husukumwa hadi kwenye kibakuli cha kabureta. Humo kuna boya. Kibakuli kikijaa, boya huinuka na kufunga sindano inayoingiza mafuta. Hewa inayoingia kwenye injini hupita mahali pembamba, huongeza kasi, na kufyonza petroli kupitia jeti. Kilo 1 ya petroli huhitaji takribani kilo 15 za hewa. Mafuta yakipungua, gari hukosa nguvu. Yakizidi, hutoa moshi mweusi.

Kwa hiyo kagua kwa kufuata njia hiyo, kuanzia kilicho rahisi na kisicho na gharama.

Hatua za kufuata

1. *Je, ni mafuta au ni umeme?* Gari linalozima ghafla kama taa iliyozimwa mara nyingi lina tatizo la umeme. Linalopungua nguvu na kukohoa kwanza, shuku mafuta. Likikataa kuwaka baada ya kupiga starta, fungua plagi moja. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika. Angalia cheche, au kama kabureta inafurika.

2. *Tangi.* Usiamini geji. Pima kwa kijiti safi. Legeza mfuniko kisha jaribu gari. Likikaa sawa, umepata jibu.

3. *Chujio na maji.* Pampu nyingi za Land Rover hizi zina kikombe cha kioo. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini na utayaona, pamoja na kutu. Safisha kikombe, na hakikisha ringi yake ya kuzuia hewa ni nzima.

4. *Pampu.* Chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa, chomoa waya wa koili ili kusiwe na cheche, kisha mwenzako apige starta. Petroli iruke kwa nguvu kila pampu inapopiga. Ikitoka kidogo, chukua galoni ndogo ya petroli safi na mpira, uunganishe moja kwa moja mahali pampu inapovutia. Ikipiga vizuri sasa, pampu ni nzima na tatizo liko nyuma yake: bomba limeziba, au lina ufa unaovuta hewa. Ufa wa upande huo unaweza usidondoshe hata tone. Pampu ikibaki dhaifu, kiwambo chake cha ndani au vali zimechoka. Nusa pia stiki ya oili. Ikinuka petroli, usiwashe injini. Huenda kiwambo kimepasuka na petroli inaharibu oili.

5. *Kabureta, mwisho kabisa.* Injini ikiwa imezimwa, ondoa bomba la hewa, chungulia ndani na mwenzako akanyage pedali ya mafuta. Petroli ikiruka, kibakuli kina mafuta. Isiporuka na pampu ni nzima, sindano imenasa au njia imeziba. Jeti husafishwa kwa petroli na upepo. Usichokoe kwa waya, kwa maana tundu likipanuka kidogo tu, gari litakunywa mafuta siku zote.

Iwapo gari huzima mchana wa jua kali tu, hasa kwenye miinuko, huenda petroli inageuka mvuke ndani ya bomba. Weka kitambaa chenye maji kwenye pampu, usubiri. Kisha sogeza bomba mbali na ekzosi.

Ubora wa mafuta nao ni muhimu. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hufanya gari kuwa gumu kuwaka na injini kugonga. Hapa Tanzania EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kudhibiti uchakachuaji. Epuka mafuta ya kwenye madumu ambayo hujui yalikotoka.

Usalama kwanza

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini, hata hadi kwenye jiko lililo mbali kidogo. Fanya kazi nje, bila sigara wala kibatari. Tuache kabisa kunyonya petroli kwa mdomo. Ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua. Vilevile tusimimine petroli kwenye kabureta huku starta ikipigwa. Moto huweza kuruka nyuma usoni.

Tufanye nini sasa?

Kila gari liwe na daftari. Dereva aandike lilizima wapi, saa ngapi, lilikuwa la moto au la baridi, na nini kilisaidia. Msimamizi asiidhinishe kununua kabureta wala pampu kabla ya kuona matokeo ya hatua hizi tano. Zote huchukua chini ya nusu siku. Na dereva asikilizwe, kwa sababu ndiye anayekaa na gari. Kwetu, yeye ndiye aliyejua, ila hakuna aliyemuuliza.