Mlo wa Pweza: Utangulizi wa Ufugaji wa Pweza Wadogo Nyumbani

Tangi la kioo analojivunia mfugaji wa samaki leo lilibuniwa kwa ajili ya ndugu wa pweza. Mwaka 1832, mjini Messina katika kisiwa cha Sicily, Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa aliyewahi kuwa mshonaji wa nguo mjini Paris, alitaka kumaliza ubishi wa wataalamu kuhusu agonauti. Jike la mnyama huyu huishi ndani ya gamba jeupe, jembamba sana. Walikuwapo waliosema hulitengeneza mwenyewe, na waliosema humpora mnyama mwingine, kama wafanyavyo kaa wanaojibanza kwenye makombe matupu. Villepreux-Power akaunda matangi, akawatia agonauti, akavunja kipande cha gamba na kukaa akiangalia. Mnyama akaziba mwenyewe palipovunjwa. Ubishi ukapata jibu, na elimu tunayoiingia hapa ikapata chombo chake.

Karibu katika elimu hiyo. Najua msomaji wa pwani yetu anamfahamu pweza kwa njia nyingine: kwenye sufuria ya nazi, au kwenye kikombe cha supu ya jioni ambayo wanaume huinywa kwa matumaini nisiyokusudia kuyajadili. Kumweka sebuleni na kumlisha ni jambo geni, na hata huko Marekani na Ulaya lilikozoeleka zaidi, wanaolifanya vizuri ni wachache.

Anayeanza huuliza kwanza tangi liwe la lita ngapi na pweza anunuliwe wapi. Nitayagusia hayo. Lakini mimi huanzia kwenye mlo, kwa sababu karibu kila jambo ambalo mfugaji anahitaji kulijua kuhusu pweza wake, iwe ni hali ya maji, afya, umri au kifo kilicho njiani, hujitokeza mapema katika namna anavyokula au anavyoacha kula.

Mfano wangu utakuwa Octopus bimaculoides, pweza wa pwani ya California na Baja California. Ana doa la buluu lenye umbo la jicho chini ya kila jicho lake la kweli, na ni pweza wa kwanza ambaye wanasayansi walichapisha ramani ya jeni zake zote, mwaka 2015. Mfuko wa mwili wake hauzidi sana sentimita 17. Mayai yake ni makubwa, na kitoto kinachoanguliwa huanza kutambaa chini papo hapo, kwa hiyo inawezekana kumpata aliyezaliwa tangini badala ya aliyeng'olewa baharini. Pweza wa miamba yetu, Octopus cyanea, ni kinyume chake: vitoto vyake huelea na maji ya bahari kuu kabla ya kutua, na mkubwa wake hufikisha kilo kadhaa. Huyo mwache mwambani. Na yule mdogo, mzuri, mwenye pete za buluu zinazong'aa, wa jenasi ya Hapalochlaena, usimguse wala usimnunue hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Mate yake yana tetrodotoksini, sumu inayozima pumzi ya mtu mzima, na hakuna dawa ya kuitengua.

Kuhusu maji nitasema machache. Lita 200 ndicho kiwango cha chini kwa bimaculoides mmoja, na awe mmoja kweli, kwa kuwa wawili wataishia mmoja kumla mwenziwe. Chumvi iwe ya bahari, joto lisizidi nyuzi 22 hivi; anayeishi Dar es Salaam au Mombasa ajue kwamba mashine ya kupoza maji itamgharimu kuliko pweza mwenyewe. Tangi liendeshwe bila pweza kwa wiki nyingi, wengine hungoja hata miezi mitatu, hadi bakteria wanaogeuza amonia wawe wamekaa imara. Pweza huchafua maji kuliko samaki wa ukubwa wake, maana anakula nyama kwa wingi na kukua haraka mno. Na shaba isikaribie. Damu yake ni ya buluu kwa sababu husafirisha oksijeni kwa kutumia shaba, lakini shaba hiyohiyo ikiyeyuka majini, kutoka kwenye bomba au dawa ya kutibu samaki, humuua.

Mfuniko ufungwe kwa vibano. Kitu kigumu katika mwili wa pweza ni mdomo wake, unaofanana na wa kasuku, na palipopita mdomo mwili mzima hupita. Mwaka 2016 pweza mmoja aliyeitwa Inky alitoka kwenye tangi lake katika akwariamu ya taifa ya New Zealand, mjini Napier, akavuka sakafu, akaingia kwenye bomba la maji machafu na kurudi zake baharini.

Sasa tuje mezani. Tia kaa mdogo aliye hai upande wa pili wa tangi, uzime taa ya chumba, ukae. Pweza hamwendei mara moja. Kwanza ngozi hubadilika: rangi hupita mwilini kwa mawimbi, vinundu huinuka juu ya macho na kushuka tena. Kisha husogea kwa minyiri, taratibu, akisimama kila kaa anaposimama. Shambulio lenyewe ni la kufumba na kufumbua. Utando ulio baina ya minyiri hufunguka kama mwavuli na kumfunika kaa, magando yake yakiwa yamekwisha kubanwa na vinyonyeo. Huko ndani, usikoweza kuona, pweza hutoboa au kuuma na kuingiza mate yenye sumu yanayompooza kaa na kulegeza nyama itoke kwenye gamba. Baada ya muda hutupwa nje gamba safi, viungo vikiwa vimekunjuliwa kimoja kimoja na kukombwa ndani. Kwa kome na konokono hutumia ulimi wenye meno kuchimba tundu dogo, mara nyingi pale msuli unaofunga gamba uliposhikilia, kisha hupuliza mate humo.

Makombe hujikusanya mlangoni pa pango. Kina mama wa Jambiani wanaotembea mwambani wakati wa bamvua wanalijua jaa hilo, kwani ndilo linalowaonyesha nyumba ya pweza. Mfugaji naye alisome. Akikuta gamba lenye nyama nusu, ajue kuna tatizo kabla kipimo chochote hakijamwambia.

Pweza mzima hula kila siku au siku moja baada ya nyingine: kaa mmoja wa wastani, au kamba wawili watatu, na kome mara kwa mara ili apate kazi ya kufungua. Kamba waliogandishwa wanafaa, wakiyeyushwa na kupelekwa kwa kijiti chembamba cha plastiki kinachotikiswa kidogo, ila wasiwe wamewekwa dawa za kuhifadhi. Samaki wa maji baridi wanaouzwa kuwa chambo siwapendekezi, kwa kuwa mafuta yao si ya mnyama wa bahari. Mabaki yaondolewe siku ileile. Baadhi ya milo itiwe kwenye chupa yenye kifuniko, si kwa maonyesho tu. Jennifer Mather na Roland Anderson walipowapa pweza wa akwariamu ya Seattle kichupa kitupu kinachoelea, wawili kati ya wanane walikipuliza kwenye mkondo wa maji na kungoja kirudi, tena na tena. Waliiandika tabia hiyo mwaka 1999 na kuiita mchezo, na sijaona jina bora zaidi. Mnyama wa namna hiyo akilishwa bila kushughulishwa hunyong'onyea.

Hata maabara zimemjua pweza kupitia njaa yake. Huko Naples, miaka ya 1950, Brian Boycott na J. Z. Young walimfundisha pweza kutofautisha kaa wa halali na kaa wa adhabu: aliyeletwa pamoja na kibao cheupe alileta mtetemo wa umeme. Pweza walijifunza upesi. Peter Dews naye, katika makala ya mwaka 1959, alieleza jinsi pweza watatu walivyofundishwa kuvuta mkono wa chuma ili wapewe kipande cha samaki. Albert na Bertram walivuta kwa adabu. Charles aliuvuta kwa nguvu hata ukavunjika, akaivuta taa iliyoning'inizwa juu ya maji, na akawa anamrushia maji kila aliyekaribia. Wapo wasomaji wanaomwona Charles mkorofi. Mimi namwona ndiye aliyeandika sehemu nzuri zaidi ya makala ile.

Lipo swali ambalo mwanafunzi mwaminifu hawezi kulikwepa, nalo ni la kaa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 kuhusu wanyama wenye hisia ilimtaja pweza na jamaa zake kuwa viumbe wanaohisi, na katika kifungu hichohicho ikawataja kaa na kamba. Kwa hiyo heshima inayotuzuia kumfuga pweza ovyo inatuuliza pia kuhusu kaa tunayemtupia. Wapo wanaojibu kwa kutofuga kabisa, na sina hoja ya kuwavunja. Wapo wanaomzoesha pweza vyakula vilivyokufa tangu udogoni, wakibakiza walio hai kwa wakati anaposusa. Mimi niko upande huu wa pili, bila utulivu mkubwa.

Kususa kwenyewe kuna sababu tatu unazopaswa kuzijua tangu mwanzo. Pweza mgeni anaweza kukaa siku kadhaa bila kula. Mpe giza na pango. Maji yakiharibika husita, hushika kaa na kumwachia. Na jike anayejifungia pangoni na kuziba mlango kwa mawe amekwisha kutaga, hata kama hajawahi kuonana na dume. Hatakula tena kama zamani. Mwaka 1977 Jerome Wodinsky aliwaondoa majike wa Octopus hummelincki tezi mbili zilizo karibu na macho. Wakayaacha mayai, wakarudi kula na kuongeza uzito, wakaishi zaidi. Basi kinachomuua si uchovu wa ulezi peke yake, ni amri itokayo mwilini mwake. Bimaculoides huishi mwaka mmoja hadi miwili, dume naye huchakaa: huzurura mchana, macho huzama, humpita kaa kana kwamba hamwoni. Hapo usimlazimishe, wala usibadilishe maji kwa hofu.

Kwa sababu hizo zote, kazi ya kwanza ninayokupa haina pweza ndani yake. Nunua kaa wadogo, watie kwenye tangi la pembeni lenye maji ya chumvi, uwaweke hai na wenye afya kwa mwezi mzima, ukipima amonia na kuandika wanachokula. Ukiona wanakufa mfululizo, hayo ndiyo maji ambayo pweza angekutana nayo. Wakistawi, fungua sura ya kwanza.